Uongozi ni Amana: Je, Tumemwandaa Nani wa Kutupokea?

Bismillahir Rahmanir Rahim



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi vijana wangu mlioko mashuleni na vyuoni, sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Neno uongozi siku hizi limekuwa kama joho la watu wachache. Ukilitaja msikitini, macho yote yanamgeukia mwenyekiti wa kamati. Ukilitaja nyumbani, watoto wanadhani unazungumzia mbunge au mwenyekiti wa LC. Lakini Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga: baba kwa watu wa nyumba yake, mama kwa nyumba yake na watoto, mtumishi kwa mali ya bwana wake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na watoto wetu wa madrasa wanaisoma kwa moyo kabla hawajaota ndevu.

Sasa swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili. Ikiwa kila mmoja wetu ni mchunga, tutajuaje kwamba amechunga vizuri? Wapo wanaopima kwa sauti yake, wapo wanaopima kwa idadi ya watu wanaomfuata, na wapo wanaopima kwa miaka aliyokaa kwenye kiti. Mimi katika miaka yangu ya kusomesha nimefika kwenye kipimo kimoja ambacho hakijanidanganya mpaka leo: angalia kitakachoendelea siku ambayo mtu huyo hayupo. Kazi ikisimama naye, alikuwa mchapakazi, Mungu amlipe kheri. Kazi ikiendelea, basi huyo alikuwa kiongozi.

HALI YETU HAPA MPAKANI

Sisi tunaoishi baina ya Busia na Tororo tuna neema ambayo pia ni mtihani. Huku kwetu fedha iko karibu sana na mtoto. Mpaka huu ndio uliozaa jina bodaboda, kutokana na vijana wenye baiskeli waliokuwa wakiwavusha wasafiri na mizigo yao kutoka mpaka wa upande mmoja hadi wa pili, na leo Afrika Mashariki nzima inalitumia. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kizinduliwe mwezi wa Februari 2018, wasafiri na malori wanakaguliwa mahali pamoja, lakini mizigo ya kubebwa na visenti vya kuokotwa havijaisha.

Na huku upande wa Busitema na Tiira kuna dhahabu. Watu wanachimba kwa mikono, wanasaga mawe, wanaosha udongo, kisha wanatumia zebaki kuzikamata chembe za dhahabu. Zebaki ni sumu. Ikichomwa, mvuke wake unavutwa na pumzi na kudhuru mishipa ya fahamu na figo, na mtoto anaumia zaidi kuliko mtu mzima. Lakini mtoto wa miaka 13 haoni mvuke. Anachokiona ni rafiki yake amerudi jioni na noti mfukoni, na yeye amerudi madrasa na wino vidoleni.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya malengo katika maisha, hapa kwetu si maneno ya semina. Ni kushindana na shimo la dhahabu, kila siku, baada ya sala ya Alasiri.

KIJANA MMOJA

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa umri huo. Alikuwa na akili nyepesi na sauti nzuri, na amekwisha fika juzuu ya saba. Baba yake alipatwa na maradhi ya mgongo, akaacha kazi ya kupakia mizigo. Mama yake alikuwa akiuza mukene sokoni, na biashara ya mukene mnaijua faida yake. Mtoto akaanza kukosa Jumamosi, kisha na Jumatano, kisha wiki nzima. Siku moja akaja, matope mpaka magotini, akasimama mlangoni.

"Assalaam alaykum, Maalim. Nimekuja kuaga. Naenda kuosha udongo na mjomba."

Jioni ile nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha kwenye mkeka, akanisikiliza, kisha akasema kwa upole kabisa: "Maalim, mimi sikatai dini wala sikatai shule. Lakini unga haungoji mtoto ahitimu."

Neno lile ni la kweli, na mwenye kusema kweli hajibiwi kwa mawaidha. Nilirudi msikitini, tukakaa na jamaa wawili, mmoja fundi baiskeli na mwingine mwenye duka la nafaka. Tukapanga hivi: kijana asiende shimoni, afanye kazi dukani siku za Jumamosi na Jumapili, apime nafaka na aandike daftari. Shule aendelee. Madrasa aje jioni siku nne. Na kutoka sanduku la sadaka familia ipewe posho kwa miezi mitatu, mpaka mzee apate nafuu.

Nikaongeza jambo moja. Nikamkabidhi watoto watatu wadogo walioanza alifu na bee, awasomeshe nusu saa kabla yeye mwenyewe hajakaa kusoma. Nikamwambia, "Hawa ni wako. Wasipojua, sitawauliza wao. Nitakuuliza wewe."

Sitasema kila kitu kilinyooka. Mara mbili alirudi shimoni kwa siga siga za wenzake. Lakini niliona ajabu moja. Siku ambazo hakuwa na hamu ya kuja kwa ajili yake mwenyewe, alikuja kwa ajili ya wale watatu. Siku ya mvua kubwa, darasa zima tupu, alitokea akiwa amejifunika mfuko wa nailoni. Nilipomuuliza, alisema, "Maalim, yule mdogo jana aliishia kwenye jimu. Nilimwahidi hee leo."

Leo yuko sekondari, na wakati wa likizo bado anaandika daftari la duka. Mmoja wa wale watatu sasa ana watoto wake watatu wa kuwasomesha. Lakini wenzake wawili walioondoka mwaka ule ule hatukuwapata tena, na majina yao bado ninayaona katika rejista ya zamani. Ndiyo maana nasema jambo hili si la mzaha.

Nilichojifunza ni kwamba tunawaambia watoto wetu wakae darasani ili kesho wawe viongozi, wakati wengi wao wanaondoka kwa sababu leo hakuna anayewategemea. Shimoni kuna watu wanaomtegemea mtoto: mjomba anamtegemea achote maji, mama anamtegemea alete noti. Darasani hakuna. Mpe mtoto amana, na amana yenyewe itamshika mkono.

LENGO AMBALO UMRI WAKO HAUTOSHI

Sasa tutazame mfano mkubwa zaidi. Reli inayopita Tororo inaanzia Mombasa, nasi tuifuate mpaka huko.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, ambaye naye alikuwa mwanachuoni, alifariki al-Amin akiwa bado mdogo, akalelewa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Alisoma Mombasa, akavuka mpaka Unguja kusoma kwa wanavyuoni wa huko, akiwemo Sayyid Ahmad bin Sumeit. Mwaka 1930, alipokuwa anakaribia miaka 40, alianza kutoa gazeti dogo la Kiswahili aliloliita Sahifa. Mwaka 1932 likafuatia Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alikuwa katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1947, akiwa na miaka 56.

Makala zake za Sahifa zilikusanywa zikawa kitabu, na jina la kitabu hicho ni Uwongozi. Tazameni tarehe zake: aliyaandika kabla hajapewa cheo cha Kadhi Mkuu. Na ndani yake hakuwafundisha watu namna ya kupata vyeo. Alizungumza juu ya elimu, umoja, tabia njema, na Waislamu kuamka usingizini. Huo ndio uongozi alioufahamu yeye: kumwonyesha mwenzako njia, hata kwa karatasi moja.

Lakini funzo kubwa kwangu liko katika kazi aliyoiacha njiani. Sheikh al-Amin alianza kuifasiri Qurani kwa Kiswahili, na mauti yakamkuta hajaimaliza. Kama angekuwa mtu wa kufanya kila kitu peke yake, karatasi zile zingeliwa na mchwa. Lakini alikuwa na wanafunzi. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye baadaye naye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alishughulikia kuzichapisha sehemu za tafsiri ya mwalimu wake. Na mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar, aliyeufuata mwendo ule ule wa kuwafundisha watu kwa lugha yao, alitoa Qurani Takatifu, tafsiri kamili ya msahafu wote. Nyumba nyingi za Waswahili mpaka leo zinayo.

Ndugu zangu, jiulizeni. Lengo ambalo unaweza kulimaliza peke yako kabla ya kufa ni lengo dogo. Hakuna ubaya kuwa nayo hayo madogo, tunayahitaji. Lakini kila mtu awe na lengo moja ambalo umri wake hautoshi, kisha atafute leo atakayelipokea.

KIBULI NA MBALE

Hapa Uganda tunaye mfano wetu wenyewe, Mwanamfalme Badru Kakungulu (1907 hadi 1991), mtoto wa Nuhu Mbogo wa ukoo wa Kabaka. Katika ujana wake shule nyingi nchini zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabadilishwa dini. Woga ule ulikuwa na sababu, lakini matokeo yake ni kwamba Waislamu walibaki nyuma katika ualimu, utabibu na kazi za ofisini. Kakungulu mwenyewe alisoma King's College Budo, shule ya Kikristo, akajua ndani kuna nini. Hakuishia kulalamika. Alitoa ardhi Kibuli, pakasimama msikiti na shule, na alikuwa mstari wa mbele katika Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda, UMEA.

Aliishi pia katika mivutano mikali ya uongozi baina ya Waislamu, ikiwemo ile iliyokuja baada ya kuundwa kwa NAAM mwaka 1965. Watu walipigania ofisi na mihuri. Leo muulize mtoto wako NAAM ni nini, hajui. Muulize Kibuli, atakwambia ni shule. Mivutano imekufa na wenyewe, shule zinasomesha.

Na jirani yetu zaidi, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Tororo, kiko Chuo Kikuu cha Kiislamu Mbale. Wazo lake lilipitishwa na nchi za Kiislamu katika mkutano wa Lahore, Pakistan, mwaka 1974. Mlango ulifunguliwa mwaka 1988. Hesabuni: miaka 14, na ndani yake Uganda imepita katika vita na kubadilisha serikali mara kadhaa. Na kilipofunguliwa kilianza na wanafunzi 80 tu. Mwenye haraka angesema mambo yameshindikana tangu mwaka wa pili. Lengo la kweli linaweza kuchelewa, maadamu kuna anayelikumbuka na kulipokeza kwa mwingine.

KUKUA HAKUNA MAHAFALI

Jambo la tatu ni kukua. Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Surat Taha, aya ya 114, alimfundisha Mtume wake amwombe amzidishie elimu. Ikiwa yeye aliyeteremshiwa wahyi aliamrishwa aombe nyongeza, mimi maalim wa Busitema nani aniambie nimetosheka?

Vijana mnaosumbuliwa na matokeo ya mitihani, sikilizeni habari ya mtoto wa Sheikh al-Amin niliyemtaja. Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1933, na baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 14. Katika mtihani wa kumaliza sekondari alipata daraja la tatu, alama ambazo hazikumfungulia mlango wa Makerere. Akaajiriwa karani katika chuo cha ufundi cha Waislamu Mombasa. Hakukata tamaa. Akaendelea kusoma na kuzungumza hadharani, na hotuba yake moja ya Maulidi, ambayo Gavana wa Kenya alikuwepo kuisikiliza, ilisaidia kumfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Katika miaka ya 1960 alikuwa profesa, na wapi? Makerere pale pale. Alifundisha huko mpaka mwaka 1973, wakati wa utawala wa Amin. Alifariki Marekani mwaka 2014 na akarudishwa kuzikwa kwao Mombasa. Daraja la tatu lilikuwa habari ya mwaka mmoja wa maisha yake.

Nasi watu wazima tusijitoe. Mimi nimevuka miaka 40, na kila Jumanne jioni nakaa mbele ya ustadhi mdogo kwangu kwa miaka mingi, ananisahihisha makharij, kwa sababu yeye amesoma tajwid kwa undani kuliko mimi. Wanafunzi wangu wananiona. Na katika bustani ya madrasa, aliyetufundisha kupanda mihogo kwa mistari na vipimo ni kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Busitema. Chuo hicho kilianza mwaka 2007 mahali palipokuwa na chuo cha taifa cha zana za kilimo, na kiko hapa hapa kando ya barabara ya kwenda Jinja. Tunakipita kila siku kama tunavyoupita msitu. Tuwaalike wanafunzi wa Kiislamu walioko pale waje wakae na watoto wetu. Mtoto akimwona mtu anayefunga swaumu kama yeye na anasomea uhandisi, hahitaji hotuba ndefu.

MAMBO MANNE YA KUANZA NAYO

Mawaidha yasiyo na kazi hupotea kabla ya kufika nyumbani. Kwa hiyo nawaomba kila familia ijaribu haya:

1. Lengo moja la nyumba nzima, lenye tarehe. Msiseme "tutasoma Qurani zaidi". Semeni, "ifikapo Ramadhani, kila mmoja wetu atakuwa amehifadhi kuanzia Surat Adh-Dhuha mpaka An-Nas". Au, "kila Ijumaa tunaweka kiasi fulani cha ada, mpaka muhula ufunguliwe". Liandikeni, libandikeni ukutani.

2. Kila mtoto awe na amana yake, wa kiume na wa kike. Kuku, maji ya kutawadhia, daftari la matumizi, au mdogo wake wa kumfundisha herufi. Kisha aulizwe kwa upole, na akifanya vizuri asifiwe. Na wasichana wasipewe jiko peke yake. Katika madrasa yetu mabinti ndio wanaotunza rejista, na haijawahi kupotea.

3. Kikao cha nyumbani mara moja kwa wiki. Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao, na sura nzima ikaitwa Ash-Shura. Baba na mama waseme hali ya fedha ilivyo, na watoto wasikilizwe. Mtoto anayejua kwamba unga ni wa siku tatu, na kwamba wazazi wana mpango, hatakimbilia shimoni kwa siri.

4. Mwenye nafasi yoyote awe na mtu anayemfundisha kazi hiyo. Imamu, muadhini, mweka hazina, katibu, mama anayesimamia kikundi cha akina mama. Kila mwezi siku moja amwachie yule mwanafunzi wake aifanye mbele ya watu, naye akae nyuma. Hii ni ngumu kwetu watu wazima kuliko tatu za kwanza, maana nafsi inapenda kuombwa.

Na kwenu wanafunzi wa vyuo: msingoje joho la mahafali ndipo muanze kuongoza. Ukirudi likizo, tafuta watoto watatu tu katika mtaa wenu. Wafundishe hesabu, au Kiingereza, au kusoma Qurani. Likizo ijayo warudie wale wale.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wachunga wema wa ulivyotukabidhi. Wahifadhi watoto wetu na mashimo ya ardhi na mashimo ya nafsi. Wape wazazi wetu riziki ya halali inayowatosha, wasilazimike kuchagua baina ya unga na elimu. Tuzidishie elimu yenye manufaa, na uwaandae miongoni mwetu watakaotupokea kabla hatujakurudia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.